Telegramu ya Maneno Matatu

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya mbegu, Nakuru, Karani Mkuu alinikabidhi vitabu viwili vya msimbo. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa nimetoka chuo kikuu, Kampala, na mazoea ya kubishia kila kitu.

Kazi yetu ilikuwa kugeuza barua ndefu kuwa telegramu, ambayo posta iliitoza kwa kila neno. Kitabu chembamba kiligeuza neno kwa neno: upesi, ila telegramu ilitoka ndefu. Kile kinene kilikuwa na neno moja kwa sentensi nzima; ukivumilia kupekua, barua ilibaki maneno machache. Ninyi mnaoandika programu za kompyuta mnaijua shida hii. Kompaila, ile inayogeuza maandishi yenu kuwa lugha ya mashine, nayo huchagua: igeuze haraka, au itoe kitu kifupi?

"Hiki chembamba cha nini?" nilimuuliza. "Kifupi si ndicho bora?"

"Bora kwa nani, msomi?" alisema, akaendelea na chai yake. Nikakiweka kile chembamba kando.

Msimu wa kupanda ulipofika, mkaguzi wetu aligundua asubuhi moja kwamba viazi vya mbegu tulivyopeleka Molo kwa treni vina ugonjwa wa mnyauko. Niliagizwa kumwambia karani wetu wa Molo azuie magunia. Nikafungua kitabu kinene. Neno la viazi nililipata. La ugonjwa likanitesa, nikarudia kurasa mara mbili. Saa nzima ikaisha. Nilitoka na maneno matatu, nikayaonea fahari. Yalipofika Molo, lori la shamba moja la Kuresoi lilikuwa limeshabeba magunia yote.

Karani Mkuu aliisoma telegramu yangu. "Kazi safi. Lakini lori halikungoja." Kisha akaongeza, "Ujumbe wa mara moja, ugeuze upesi uende. Ule wa taarifa ya mvua tunaoutuma kila siku kwa maneno yaleyale, huo kaa nao hata wiki, uufupishe. Sasa nenda Kuresoi."

Nyapara wa shamba alinisikiliza akiwa ameegemea jembe. "Mistari sita tumeshapanda. Nani atachimbua?"

"Mimi."

"Na hivyo viatu?"

Wafanyakazi walicheka, kisha wakanipa jembe. Tulichimbua pamoja hadi jioni, tukachoma kila kiazi. Ugonjwa haukuenea.

Niliporudi nilitarajia kufukuzwa. Niliikuta ripoti ya Karani Mkuu mezani: "Ofisi ilichelewa kutuma." Jina langu halikuwemo. Nilimuuliza kwa nini. Hakuinua macho. "Barua za leo bado hujazigusa," alisema.

Miaka mingi baadaye nilistaafu nikiwa nimekalia kiti chake. Katika muda huo niliandika ripoti tatu kuhusu makosa ya vijana wangu. Katika zote tatu, aliyechelewa ni ofisi.