Antena Iliyotiwa Mwega Kyerwa

Nilitumwa Kyerwa kwa sababu antena yetu ilikuwa haijawahi kushindwa, na bosi alitaka ikashinde mbele ya watu. Ni antena inayojibadilisha umbo: mabawa yake ya bati laini hujikunja na kujigeuza yenyewe kufuata mawimbi yenye nguvu zaidi. Ofisini Dar es Salaam ilitutia kiburi.

Nyaishozi, alfajiri. Basi lilisimama tukanunua ndizi za kuchoma. Abiria mwenzangu aliuliza boksi langu lina nini, nikamweleza mpaka akajifanya amelala.

Kutoka Omurushaka nilipanda bodaboda hadi zahanati iliyo kwenye mteremko wa kilima. Ng'ambo ya bonde ni Rwanda. Muuguzi Dativa alinikaribisha kwa kahawa ya kutafuna, akasema shida yake bila kuzunguka. "Mjamzito akizidiwa, napanda na simu mpaka kanisani kwenye mtandao, ndipo niite gari la hospitali. Namwacha peke yake."

Mlinzi, Mzee Deo, alinisaidia kuifunga antena kwenye mlingoti. Jioni ikajikunja, ikajigeuza, ikachagua. Simu zetu zote zikapata ujumbe: Karibu Rwanda. Mawimbi ya huko yalikuwa na nguvu zaidi, na habari za mipaka hatukuwa tumeifundisha. Laini zetu hazikuweza kupiga kupitia huko.

"Itajirekebisha," nilimwambia Dativa. "Ina akili."

Asubuhi aliletwa mama mwenye uchungu, anatokwa damu. Dativa akapiga simu, haikutoka. Nikabonyeza kompyuta niliyoiunganisha na antena. Antena ikainua bawa moja, ikarudi Rwanda. Niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu.

Nikakimbilia nje. Mzee Deo alikuwa ameiona ikiinama, akaifanyia anachoufanyia mgomba uliolemewa na mkungu: ameisukuma irudi upande wetu kwa mti wenye panda, sasa anaikaza kwa kamba za mgomba.

"Mzee, unaivunja!"

"Inaanguka hii, mwanangu. Umesahau kuitia mwega."

"Inaita!" Dativa alipiga kelele kutoka ndani. "Simu inaita!"

Gari lilifika.

Nilipokuwa narudi nilipitia hospitalini Nyakahanga. Mama alikuwa amekaa kitandani, mtoto kifuani, nami mtu mzima nikatokwa na machozi. Nilichojifunza ni kwamba antena inayobadilika hufanya kazi vizuri sana ikizuiwa kubadilika. Sijui bosi nitamwambiaje.

Nikampigia Dativa kumpa habari, lakini simu ilipokewa na Mzee Deo.

"Kwetu mwega unatolewa mkungu ukishakatwa," alisema. "Hii yako itazaa lini?"

"Imeshazaa, mzee. Mtoto wa kike."