Fundi Mabegi na Bwana Wima

Wivu wa mwanamume mtu mzima hauna kelele. Unaweza kukaa naye benchi moja, mkagawana chai na kuongea habari za mvua, usijue kwamba mwenzako anaungua. Ndivyo alivyokuwa fundi wa mabegi tangu yule mnyoosha migongo alipofungua chumba chake ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na mlango kama majogoo wawili.

Kabla ya hapo fundi hakuwa na neno na mtu. Kibanda chake kilinuka gundi na nta ya uzi. Cherehani yake ya chuma ilikuwa na meza iliyopauka pale mkono unapopita kila siku, na nyuma yake mabunda ya turubai yalisimama yakiegemea ukuta. Alishona mabegi ya shule, na begi lake hulikosei: halikuwa na pete za kurefusha mkanda wala kuufupisha. "Pete huteleza," alikuwa akisema, "halafu mtoto anabaki kuvuta huku na huku kama anakamua mbuzi." Yeye alimsimamisha mtoto mbele yake, akampima kwa shibiri na vidole toka begani hadi kiunoni, akaishona mikanda moja kwa moja, imekaa, haitoki. Mtoto akirefuka, mzazi alirudi, fundi akafumua na kuongeza. Kwa hiyo watoto wa mtaa ule alijua walivyokua kuliko baba zao wengine, maana wako baba ambao humtambua mtoto kwa sauti tu.

Alikuwa na binti mmoja aliyeitwa Chiriku na mtaa mzima, kwa sababu mdomo wake haukujua kutulia. Kila jioni akitoka shule, Chiriku alijikunja juu ya bunda la turubai miguuni pa baba yake, kitabu mapajani, shingo imepinda kama mpini wa mwavuli, akisoma na kusimulia kwa wakati mmoja. Mwalimu kafanya hivi, nani kaanguka, nani kalia. Fundi aliitikia "enhe" na "kumbe" huku sindano ikienda. Saa ile ndiyo aliyoifanyia kazi mchana kutwa, ingawa hakuwahi kumwambia mtu.

Basi shingo ya Chiriku ikaanza kuuma. Fundi akasema amelala vibaya. Ikauma tena, na kichwa juu yake. Mama yake, aliyekuwa amepata kazi ya kupokea watu na kufagia kwa yule mnyoosha migongo, hakuuliza mara ya pili. Akamvusha barabara.

Kazi ya bwana yule ina jina la kigeni, kiropraktiki. Mtaa ulilijaribu jina lile mdomoni, ukalitema, ukamwita Bwana Wima, kwa kuwa alitembea kana kwamba ana uzi umefungwa utosini na mtu anauvuta toka juu. Shati jeupe, sauti ya chini. Kwanza alimuuliza Chiriku maswali mengi kuliko polisi: ulianguka? unapata homa? mkono unakufa ganzi? Alimwambia mama mtu kwamba lingekuwepo hata moja kati ya hayo, asingemgusa, angewapeleka hospitali. Kisha akamshika shingo kwa ncha za vidole, taratibu, kama mtu anayechagua nyanya iliyoiva bila kutaka muuzaji amwone. Akamfundisha kujinyoosha asubuhi, kupunguza vitabu kwenye begi, na kusoma akiwa amekaa kitini, mezani.

Shingo ikatulia. Fundi alifurahi, nani asiyefurahi mwanawe akipata nafuu? Lakini furaha ile ilikuwa na mwiba wa samaki ndani yake, kila akiimeza ulimchoma. Maana sasa Chiriku alisoma nyumbani, mezani, kitini. Bunda la turubai likabaki bunda la turubai.

Na nyumbani nako maneno yalikuwa yale yale.

"Baba watoto, usilalie mito miwili. Bwana Wima kasema inakunja shingo."

"Mito hii nimeilalia tangu kabla hujanijua."

"Ndiyo maana asubuhi unaamka kama alama ya kuuliza."

Chiriku akacheka mpaka akamwaga maji. Fundi akacheka pia, kwa meno. Akila ameinama, kasema. Akivaa viatu amesimama, kasema. Siku moja mkewe alifika hadi kumwambia, "Bwana Wima kasema samaki mkunje angali mbichi, mgongo wa mtu unatengenezwa utotoni." Fundi akaweka kijiko chini. Methali ile ilikuwa yake! Alikuwa akiwaambia wazazi miaka yote alipowapimia watoto mabegi, na hakuna aliyewahi kuipeleka kwao kama habari mpya.

Dobi wa jirani, ambaye pasi yake ilikuwa na moto lakini ulimi wake ulikuwa na moto zaidi, alikuwa ameliona jambo lile mapema.

"Ee fundi, shemeji yangu siku hizi anatembea kama askari wa gwaride. Nani kamnyoosha?"

"Piga pasi zako."

"Mimi napiga. Nasema tu, wewe unamtazama mwenzio kuliko unavyotazama sindano. Utajishona kidole, na kidole hakina pindo."

Ni kweli alimtazama. Alimtazama Bwana Wima akimfungulia mama mzee mlango. Alimtazama akichuchumaa kuongea na watoto macho kwa macho. Alimtazama mkewe akicheka mlangoni mwa chumba kile, akijiuliza ni kichekesho gani na kwa nini hakikuvuka barabara. Hakumshuku mkewe jambo baya, tusimsingizie. Kilichomuuma ni kwamba nyumba yake ilikuwa imepata msemaji mwingine.

Halafu ikaja kazi. Bwana Wima mwenyewe alivuka, akasimama mbele ya cherehani, akasalimia kwa adabu.

"Fundi, shule imeniita kuzungumza na wazazi habari za migongo ya watoto. Nataka begi la mfano. Pana mabegani, mikanda miwili, likae juu ya kiuno. Nikatazama mtaa mzima, nikaona anayeshona hivyo ni wewe tu. Nitaivisha ile mifupa yangu ya plastiki."

Mifupa ile fundi aliifahamu. Ilisimama dirishani pa Bwana Wima, kimo cha mtoto wa darasa la tatu, ikiwachekea wapita njia. Mtu mwenye moyo mweupe angesikia sifa katika maneno yale. Fundi alisikia mtu aliyemaliza kuchukua nyumba, sasa amefuata cherehani.

"Nitalishona," akasema.

Akalishona, na lilikuwa begi zuri, hakuweza kushona baya hata kwa hasira. Turubai la buluu, pindo limelala sawa, mfuko wa kalamu pembeni. Vipimo vya mtoto wa kimo kile alivyokuwa navyo kichwani vilikuwa vya Chiriku, akavitumia. Alipofika kwenye mikanda, mkono ukasimama. Akaona kwa macho ya ndani wazazi wote wamekaa, Bwana Wima akihubiri wima, na nyuma yake mifupa imevaa begi, bega moja juu, bega moja chini, kama mlevi anayetafuta ukuta. Ukumbi mzima ukicheka. Mkewe naye akicheka.

Akaukunjia mkanda wa kushoto ndani ya pindo, ukapungua vidole viwili, akashona juu yake mara mbili. Kwa nje usingeona kitu.

Siku ya mkutano ukumbi wa shule ulijaa. Fundi alikaa mstari wa nyuma na dobi, aliyekuja ingawa watoto wake walikwishaoa na kuolewa, kwa sababu hapendi jambo limpite. Bwana Wima alizungumza vizuri, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliwaambia wazazi wasisubiri mtoto alalamike, wamtazame anavyosimama, anavyokaa, anavyobeba. Akasema yeye si mganga wa kila ugonjwa, mikono yake ina mipaka, na mtu akiwaambia kwamba kunyoosha mgongo kunaponya kila kitu wamkimbie. Mama mmoja akasema, "Huyu mkweli." Fundi akakuna goti.

"Sasa," Bwana Wima akasema, "nilikuja na mifupa yangu, lakini mifupa haipumui. Begi hili limeshonwa na fundi wetu, na binti yake yupo hapa. Si ni haki avae yeye? Chiriku, njoo mwanangu."

Fundi alinyanyuka nusu, akakaa. Chiriku alikwenda mbele anameremeta, akatia mkono wa kwanza, akatia wa pili, akawageukia watu kama bibi harusi. Bwana Wima hakumtazama kwanza, aliwatazama wazazi.

"Tazameni mabega yake. Yanatakiwa yawe sawa kama mizani."

Watu wakatazama. Kicheko kidogo kikaanzia pembeni, kikasambaa. "Mizani ya bucha hiyo!" mtu akasema. "Mtoto wa fundi mwenyewe, kumbe!" Chiriku hakujua wanacheka nini, akacheka nao, bega la kushoto limevutwa juu karibu na sikio.

Bwana Wima akageuka. Hakucheka, wala hakulishuku begi, maana lilitoka kwa fundi. Akapiga goti nyuma ya mtoto, akapitisha kidole kando ya uti wa mgongo, uso wake ukabadilika. Akamwita mama mtu kwa mkono, lakini ukumbi ulikuwa umenyamaza, kila mtu akasikia.

"Mama, wiki iliyopita bega hili halikuwa hivi. Sipendi. Kesho asubuhi mpelekeni hospitali apigwe picha, mimi sitamgusa mpaka nijue."

Mkewe fundi akashika mdomo. Kicheko cha Chiriku kikakatika, akaanza kumtafuta baba yake kwa macho katikati ya vichwa vyote vile. "Mama, nina nini? Nina nini mimi?"

Fundi akasimama. Viti viliburuzwa, watu wakampisha.

"Hana kitu," akasema. "Mtoto hana kitu. Ni mkanda."

"Mkanda umefanyaje?" Bwana Wima akauliza.

"Wa kushoto ni mfupi. Vidole viwili. Nimeufupisha mimi."

"Umekosea kipimo?"

Hapo palikuwa na mlango wazi, na mtu yeyote angepita. Sema ndiyo, nimekosea, macho ya uzee, yaishe. Lakini Chiriku alikuwa akimtazama, na fundi alijua kwamba mtoto yule amesimamishwa mbele ya shibiri yake tangu alipojua kusimama, na katika siku zote hizo hakukosea hata upana wa ukucha.

"Sikukosea. Nilikusudia. Nilidhani litavaliwa na mifupa."

Ukumbi ukachelewa kidogo kuelewa, halafu ukaelewa wote mara moja. Dobi akajifunika uso kwa kofia. "Mchimba kisima," akanong'ona, "na leo kaingia na mtoto." Mama mmoja wa mstari wa mbele akasema kwa sauti kavu, "Na mabegi ya wanangu je? Nani atajua umeyapima kwa shibiri au kwa hasira?" Kati ya yote ya siku ile, swali hilo ndilo lililokaa na fundi muda mrefu, na wazazi wengine hawakurudi kwake kamwe.

Alipiga goti nyuma ya binti yake, mahali pale pale alipopiga goti Bwana Wima, maana huyo alikuwa bado hajainuka. Wakawa bega kwa bega, wanaume wawili wazima, wanatazama mgongo mmoja mdogo. Fundi akatoa wembe mfukoni, akafumua mshono, mkanda ukashuka. Bega la Chiriku likashuka nalo. Bwana Wima akapitisha kidole tena, akashusha pumzi.

"Yako sawa," akasema. Kisha polepole, kwa fundi peke yake, "Ungeniambia tu kwamba umenichukia."

"Ningekuambia nini? Wewe hujafanya kosa."

"Ndiyo maana nashangaa."

Fundi akafunga wembe. Hakumwomba radhi siku ile, ilimchukua muda, na alipomwomba alifanya hivyo amesimama mlangoni, hakuingia ndani.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Mkewe alitangulia mbele, na mgongo wake ulisema maneno ambayo mdomo ulikuwa unayahifadhi kwa ajili ya chumbani. Chiriku alitembea kando ya baba yake na begi lake la buluu, mkanda mmoja unaning'inia uzi, na hakusema neno. Fundi hakuwahi kusikia ukimya wa mtoto yule, akaona bora angetukanwa.

Walipofika penye kona ndipo akauliza.

"Baba, ulikuwa unamwonea wivu Bwana Wima?"

"Nilikuwa."

"Kwa sababu ya mama?"

"Mama yako, na wewe. Nyote mnasema kasema, kasema. Mimi nasema, hamna anayesikia."

Chiriku akalifikiria hilo hatua kadhaa. "Lakini wewe husemi kitu, baba. Husema enhe tu."

"Enhe," fundi akasema.

"Na sasa bado una wivu?"

Angeweza kumwambia hapana. "Bado," akasema. "Umepungua, lakini upo."

"Basi ukiwa nao uniambie mimi. Usishone." Akamvuta mkono. "Na usitembee hivyo, umepinda. Nyoosha mgongo."

Fundi akajinyoosha hapo hapo barabarani, kifua mbele, kidevu ndani, huku ng'ambo dobi akimpigia makofi. Na mtu angemuuliza, angeapa kwamba amefanya hivyo kwa sababu binti yake kasema.