Tundu Nililolitoboa Kwenye Tuta la Kale

Niliondoka Sigalame na begi moja, nikarudi na diploma ya ujenzi, miaka tisa ya kazi Doha na gari langu mwenyewe. Sikubebwa na mtu. Nilipotafuta shamba la kujenga, nilichagua lile ambalo wengine walilikwepa: limezungukwa na handaki la kale na tuta la udongo linalonizidi kimo, na mimi si mfupi. Kwetu huliita olukoba. Waliolichimba hawajulikani. Wazee wa ukoo wa mama walilikuta tu, wakajificha humo siku za vita. Niliona hakuna zawadi kubwa zaidi kwa mama: nyumba ya vyumba vinne, mabati ya rangi, ndani ya boma la babu zake.

Mama anaishi peke yake Sio Port, katika chumba chenye unyevu, karibu na pale anapoanika omena, wale dagaa wa ziwani. Anakohoa. Kwa miaka miwili nilimsihi ahamie kwangu, naye akajibu, "Nitakuja kuona kwanza." Jumamosi moja alikuja kuona.

Nilimleta kwa gari hadi kwenye lango langu. Nilikuwa nimelikata tuta kwa trakta na kufukia handaki, upana wa kupitisha lori, kwa sababu barabara iko upande huo. Mtu yeyote aliyesoma ujenzi angefanya hivyo.

"Simama hapa," mama alisema.

Akashuka, akagusa mahali tuta lilipokatwa. Udongo mwekundu ukamshika vidoleni.

"Nani alivunja hapa?"

"Ni mimi, mama. Ni lango."

"Lango liko upande wa mto. Hapa ni pa adui."

Jirani yangu, mwanamke mmoja aliyekuwa akipalilia mihogo ng'ambo ya handaki, alicheka mpaka akaegemea jembe. "Nilimwambia, akanijibu amesoma! Injinia, haya, mwingize mzazi wako kwa mlango wa wezi!"

Mama hakucheka. Alianza kuzunguka kwa nje, na magoti yake yale, mawingu yakijikusanya upande wa Uganda. Nilimfuata nikiogopa nyoka, nikiogopa asiteleze, nikiogopa zaidi asije akasema nimrudishe. Upande wa mto tulikuta pengo jembamba kati ya mawe mawili, limezibwa na kichaka. Nilikifyeka kwa panga mpaka shati langu la pasi likachanika.

"Sasa niite," alisema. "Hapa mtu huingia akiitwa na aliye ndani."

"Basi nizunguke nipitie kule, nikuite kutoka nyumbani."

"Ukipitia pale pa adui, ni nani atakuwa ananiita?"

Niliinama, karibu kutambaa, nikaingia shambani mwangu kwa mlango wake kwa mara ya kwanza. "Karibu nyumbani, mama."

Hakusogea.

"Na lile tundu?"

"Nitaliziba."

"Ziba kwanza, baba. Siwezi kulala kwa nyumba iliyo wazi mgongoni."

"Trakta itamaliza Jumatatu."

"Trakta ndiyo ilivunja. Wewe una mikono."

Nikamrudisha Sio Port siku hiyo hiyo, hata kizingiti hajakanyaga.

Sasa gari langu hulala kwa jirani, na mimi, niliyesimamia maghorofa Doha, nabeba udongo kwa karai. Tuta limenifika kifuani. Masika yameanza, na kila mvua kubwa hulipunguza kidogo. Kila jioni nampigia mama simu. Huuliza limefika wapi, kisha hukohoa, nami husikiliza kikohozi kinachukua muda gani.

Jana kilichukua muda mrefu. Alipoweza kusema tena aliuliza, "Bado?" Nikamjibu bado kidogo, nikaweka simu mfukoni, nikarudi na karai kwenye mvua.