Usaili wa Zuhura Niliofanyiwa Mie

Jamani, kuna walimu wajinga, halafu kuna mie. Juzi nilimsindikiza Zuhura, mwanafunzi wangu asiyeona aliyemaliza kidato cha sita, kwenye duka la fanicha Keko, walikotaka mtu wa kupokea simu za wateja.

Bosi akamuuliza jina, nikajibu mie. Akamuuliza kama kazi ataiweza, nikahutubia kuhusu kujitegemea, kifua mbele kama mgombea udiwani. Chai ilipoletwa, hata sukari nikamsemea.

Bosi akachoka. "Binti, una swali lolote?"

Nikafungua mdomo, Zuhura akaniwahi.

"Naomba kujua, bosi. Nikipata kazi, na huyu mwalimu nitakuwa nakuja naye?"

Mafundi waliokuwa wakipiga randa pembeni wakaangua kicheko.

"Wewe njoo Jumatatu," bosi akamjibu, kisha akanigeukia. "Mwalimu, wewe tutakupigia."