Mkwe Wangu, Shemegi Yangu na Ngome ya Hispania

Haya jamaa, sogeeni, na wewe unochezea simu iweke chini. Hii nnayokwambieni imenitokea mie mwenyewe na sikuongeza hata punje ya chumvi. Nimeongeza gunia zima.

Mke wangu ana kaka mmoja. Ana shahada mbili, yuko wizarani hapa Maskati, na akinisalimia hunyoosha vidole viwili tu, kama anaogopa ujinga utamwambukiza. Mie sikusoma. Shule niliiona kwa nje, sikuipenda rangi yake, nikarudi nyumbani. Siku ya posa yangu alisema mbele za watu, "Huyu kwenye cheti cha ndoa ataandika nini? Atachora samaki?" Basi tokea siku hiyo tunachukiana, na tunachukiana kwa bidii, hata Ramadhani hatupumziki.

Sasa mama yao, mkwe wangu, macho yanamfifia. Daktari kasema hayatorudi. Bibi wa watu akataka kitu kimoja tu. Kuna mji wa pwani huko Hispania, juu yake ipo ngome waliyoijenga Waarabu zama zile walipokuwa mabwana wa huko, na kuta zake zimechongwa maandishi ya Kiarabu. Kaiona kwenye televisheni. "Nnataka kuyasoma mwenyewe kabla taa haijazimika," akasema. "Sitaki kusimuliwa." Mke wangu ana mjukuu mchanga mkononi, hawezi kusafiri. Tukatumwa sisi madume wawili tumpeleke.

Wiki nzima tukaiharibu. Nikisema leo ngome, shemegi anasema leo jumba la makumbusho. Akisema yeye kesho ngome, mie nasema kesho mama apumzike ufukweni. Si kwamba siitaki ngome, nilikuwa sitaki iwe rai yake. Na huo ufukwe wenyewe! Watu wamelala uchi kwa maelfu, wamekuwa wekundu kama kamba waliochemshwa, na katikati yao mkwe wangu kakaa na baibui lake na thermosi ya kahawa, anauliza, "Wanangu, hiyo ngome iko upande gani?" Na sie tuko hapo tunavutana mwavuli, huyu ashika fimbo, huyu ashika kitambaa.

Ikafika siku ya mwisho. Kesho yake ndege. Ngome inafungwa saa nane mchana, na saba ilikuwa ishapita.

Shemegi kakodi gari kubwa kama msikiti wa Ijumaa. Mtu wa Qurum huyo, mtaa wa wenye pesa, angeweza angekwenda chooni na gari. Nikamwambia tuiache chini, tupande kwa miguu.

"Nani kakuuliza weye?" akasema, akaiingiza kwenye kichochoro. Kichochoro chembamba, paka wawili wakikutana mmoja lazima arudi kinyumenyume. Tukapanda, vioo vinakwaruza kuta, na nusu ya njia, mbele ya mkahawa, panapopanuka kidogo, akasimama. Bwana mkubwa kashikwa na hamu ya chai!

Na chai nyie mnajua sie hapa Maskati tunainunuaje. Mtu hashuki. Unasimama mbele ya duka, unapiga honi, mfanyakazi anakuja nayo mpaka dirishani. Shemegi akapiga honi. Pi. Kimya. Pi pi. Kimya.

"Shahada mbili na honi haisikiki," nikamwambia, mkono nishaunyoosha.

"Toa mkono wako hapa!"

"Sogea nikufundishe, yakhe."

Nikapitisha mkono nikaikandamiza. Naye kwa hasira akaweka wake juu ya wangu, akabana. Wallahi honi ile ililia mpaka nadhani Moroko ng'ambo ya pili watu walitoka nje kutazama.

"Wanangu," mama akasema kutoka nyuma, "saa inakwenda."

Nani amsikie? Madirisha yakafunguka juu, moja, mawili, ishirini. Wanatutukana kwa lugha yao, na matusi, jamaa, hayahitaji mkalimani. Mwanamme mmoja na kaptura yake akaja anapiga boneti kwa ngumi. Nyuma yetu ikaja gari ya mikate, nayo ikaanza honi yake. Halafu bibi mmoja kwenye roshani, kibibi cha kilo thelathini, akainua beseni la maji ya kudekia akalimimina. Dirisha lilikuwa wazi. Maji yote yalimshukia shemegi, shati limepigwa pasi hilo mpaka linakata mkate. Nikacheka nikapaliwa.

"Unacheka? Mama yangu hataiona ngome kwa ajili yako, mshenzi weye!"

"Kwa ajili yangu? Nani kataka chai?"

Askari akafika. Akachukua leseni ya shemegi na pasi zetu sote wawili, akatuamrisha tusitoke garini. Saa saba u nusu. Hapo cheko likanikauka.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mama akashuka na fimbo yake, anapapasa ukuta. "Kaeni nyie mpigane," akasema. "Mie nakwenda."

Kibibi cha beseni kilipomwona mzee mwenzake anahangaika na ngazi za kwenda ngomeni, kikashuka mbio, beseni kikaliacha mlangoni. Hakijui Kiswahili, mama hajui Kihispania. Kikamshika mkono tu, wakapanda, wakapotea kwenye kona.

Tukabaki sie wawili, tumefungiwa garini kama kuku wa kuuzwa, mmoja kalowa. Saa nane ikapita. Nilikuwa nnaomba Mungu kimoyomoyo, na nikimtupia jicho shemegi naona midomo yake nayo inatikisika. Hata dua tulikuwa tunashindana.

Ndo kina mama wakaibuka, mkono kwa mkono. Shemegi akatoa kichwa dirishani. "Mama, umewahi?"

"Nimewahi."

"Umeyaona maandishi?" nikamuuliza mie.

"Nimeyasoma yote, herufi kwa herufi. Mengine nimeyashika kwa kiganja." Akatupima kwa macho yake hayo mabovu, mmoja mmoja, kisha akatazama madirisha juu, watu bado wametukodolea. Akasema kwa sauti, kila mtu asikie:

"Miaka yote nikijiuliza Waarabu walifanya nini hata wakafukuzwa huku. Kumbe walipiga honi!"