Siku Niliyoupunguza Uchungu wa Shangazi

Jamani, hili huwa silisimulii, hata nikilikumbuka nikiwa peke yangu najifunika uso kwa kanga, ila leo mmenibana. Enzi za Mwingereza nilikuwa nachuma kahawa kwenye shamba la mzungu mmoja kule Igamba, pamoja na shangazi yangu Elina. Siku moja shangazi kaomba maji nyumbani kwa Bwana, Memsahibu akamtilia kwenye bakuli la mbwa, mbele ya watu, akasema, "Kunywa, wewe na yeye ni moja tu."

Wanawake wote tukakubaliana kesho yake hakuna kugusa kahawa mpaka Bwana atusikilize, na msemaji nikachaguliwa mimi, maana nilikuwa nimesoma misheni (wenzangu Kiswahili chao kilikuwa cha kuokoteza, shangazi ndiyo kabisa, Kinyiha tu), nami kichwa kikavimba, nikavaa gauni la kanisani! Basi Bwana katoka na fimbo yake, nikaona afadhali nianze kwa upole, nikasema, "Bwana, samahani, ni kajambo kadogo tu, ka maji." Nikainama kwa adabu mpaka kitambaa cha kichwa kikadondokea kwenye kahawa mbichi. Msimamizi akaangua kicheko. Nami nikacheka (Mungu anisamehe), nikaongeza, "Labda Memsahibu alikuwa anatania."

Bwana akanikazia macho. "Kama kitu dogo, kama mchezo, kwa nini nyinyi nacha kazi? Uliza huyo mama, yeye nakasirika sababu ya mchezo?"

Ikabidi nimgeukie shangazi nimfasirie. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa Kinyiha, polepole, "Mchezo? Nani kamwambia ni mchezo?"

Nikainama kuokota kitambaa changu. Wenzangu wakatazama chini, kisha mmoja mmoja wakaokota vikapu wakaingia shambani, na shangazi naye akaokota chake. Msimu mzima alichuma mistari ya mbali kule, akishikwa na kiu anateremka mtoni, na habari ya lile bakuli haikutajwa tena, si kwa Bwana, si hata jikoni kwetu.

Nimeapa, mtu akinituma nikaseme uchungu wake nitausema mzima kama alivyonipa. Ila tangu siku ile hakuna aliyenituma.