Siku Tatu za Kuitwa Atiir

Nakal Lokwang aliendesha Landikruza ya shirika moja la maji mjini Lodwar kwa miaka kumi na miwili, na muda huo wote hakuwahi kuacha lami bila ruhusa. Siku aliyoiacha alikuwa amebeba pampu ya kisima cha Kakuma, pamoja na fundi wake Malual, Msudani Kusini aliyeishi kambini huko.

"Saa moja tu," alimwambia Malual. "Mamangu yuko nyuma ya vile vilima. Huu mwaka wa tatu sijamwona."

Malual aligeuka kuitazama pampu iliyofungwa kamba nyuma. "Watu wanangoja maji, dada Nakal."

"Saa moja."

Walivuka laga kavu, mto wa msimu uliobaki mchanga mtupu, wakafika nyumbani jua likiwa utosini. Mama alikuwa ameketi kivulini nje ya nyumba yake ya makuti ya mkoma, anasuka kikapu. Aliposikia mlango wa gari aliinua uso, akakaza macho, kisha akanyanyuka mbio kuliko umri wake.

"Atiir! Atiir wangu amekuja!"

Atiir alikuwa dada mkubwa wa Nakal. Alifariki akijifungua, miaka tisa iliyopita, na mama mwenyewe ndiye aliyemwosha. Nakal hakuwahi mazishi, alikuwa safarini.

Kabla hajajibu, kakake Lokuruka alimshika mkono akamvuta kando. "Usimwambie. Mara ya mwisho tulimkumbusha kwamba Atiir alikufa, akalia kama amesikia leo. Siku mbili hakutia kitu mdomoni. We itika tu."

Nakal akaitika.

Mbuzi alichinjwa. Wakati nyama iko motoni walisikia mngurumo, ingawa mawingu yalikuwa mbali kabisa, upande wa milima ya Uganda. Malual alikimbia kwenda kutazama, Nakal nyuma yake. Laga ilikuwa imejaa ukingo kwa ukingo. Maji ya rangi ya matope yalikuwa yakipita na miti mizima, mizizi juu. Simu hazikuwa na mtandao. Malual alisimama ukingoni akiyatazama maji, na Nakal alitamani angalau amgombeze.

Siku ya pili Malual alimgombeza. "Block yetu kule kambini sasa wanachota maji ya laga, na watoto wanakunywa! Nitawaambia nini? Kwamba dereva alikuwa anakula mbuzi?"

Mama alimwita Nakal ndani, akampaka mafuta kichwani kama mtoto, akimsimulia jinsi yeye mwenyewe alivyowahi kumfukuza fisi kwa mwiko. Nakal hakuwa amezaliwa siku hiyo. Alicheka mahali palipostahili kuchekwa.

"Yule mdogo wako," mama akasema ghafla, "hujamwona huko mjini?"

"Nani?"

"Nakal. Anatuma unga. Anatuma blanketi. Mimi nilimwomba blanketi?"

"Pengine ana kazi nyingi, mama."

"Na wewe huna kazi? Mbona umekuja?"

Nakal aliomba ruhusa akatoka. Alikwenda kuketi kwenye gari, vioo vimefungwa, ufunguo mkononi, joto likimbana mpaka blauzi ikamganda mgongoni. Hakukuwa na pa kwenda. Mbele maji, nyuma mama.

Siku ya tatu, Malual aliingia lagani na fimbo ndefu kupima kina. Alipofika katikati maji yalimwishia magotini. Akapunga mkono.

Nakal alipiga magoti mbele ya mama kuaga. Alikuwa amejizuia siku zote hizo, lakini pale ikamshinda. "Mama, nitazame vizuri. Mimi ni Nakal."

Mama alimshika kidevu, akamtazama. Kisha akacheka, akampiga begani kidogo. "Usinichezee, Atiir. Nakal hawezi kukaa hapa siku tatu."

Walifika Kakuma mchana, na kabla ya jioni Malual alikuwa ameifunga pampu. Nakal hakushuka kwenye gari kuwatazama watu wa kwenye foleni ya maji. Wiki iliyofuata alitia saini barua ya onyo. Safari ndefu akapewa dereva mwingine. Yeye akabaki kuzungusha wageni palepale Lodwar, uwanja wa ndege, ofisini, nyumba ya wageni ya Nawoitorong, kisha tena uwanja wa ndege. Likizo yake ilisogezwa hadi mwisho wa mwaka.

Alikuwa akingoja wageni mlangoni mwa hoteli simu ilipolia. Lokuruka alikuwa amembeba mama kwa pikipiki hadi kwenye mwamba wenye mtandao.

"Ametusumbua tangu uondoke. Zungumza naye."

Sauti ya mama ikaja, ya juu, kama ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde. "Atiir! Maji yamepungua huko?"

"Yamepungua, mama."

"Basi unakuja lini?"

Wageni walikuwa wameshafungua mlango wa nyuma wa gari, wanapanga mabegi.

"Nakuja, mama," Nakal akasema, na hakujua angewezaje.